Barua ya Kusi, Jibu la Kaskazi

Nianze na sufuria. Ni lile kubwa la shughuli, ambalo shangazi yangu huliazima kwa jirani na kulirudisha limesuguliwa linang'ara. Jumapili ile lilikuwa limejaa pilau ya watu 27. Waliokuja walikuwa 9. Wale 9 walikula wakashiba, wakasifu, wakafungiwa na cha kwenda nacho, na bado sufuria lilionekana kama halijaguswa. Shangazi hakusema neno. Alikaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, mikono magotini, akiliangalia. Bora angenitukana.

Kosa lilikuwa langu na la kompyuta yangu, lakini zaidi langu. Nilisahau kuandika neno moja lenye herufi 5. Ili nikueleze neno hilo ni lipi, na vipi liliweza kuharibu kilo 5 za nyama, itabidi nikupitishe mbali kidogo, mpaka kwenye majahazi, maana nimelichunguza jambo hili miezi kadhaa sasa na nimeliona ni la zamani kuliko hizo kompyuta zenyewe. Wenzangu wa kalamu wananambia kijana anayetaka kuandika riwaya aandike mapenzi. Mapenzi yapo, yatakuja. Haya ninayoandika leo ni historia ya kusubiri.

Sisi tunakaa Kizimbani, shamba, kaskazini mashariki ya mji. Anayekuja huku siku hizi huja kunusa. Hupewa jani la mdalasini alisugue, hupasuliwa kungumanga aone basibasi nyekundu ilivyoikumbatia kokwa, huvishwa kofia ya makuti, halafu hula. Hapo kwenye kula ndipo penye shangazi. Wageni wa Ulaya huletwa na madereva wao, lakini mwisho wa wiki wengi ni ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaovuka kwa boti, na hao hulipa kwa simu. Mie, niliyemaliza kidato cha nne nikabaki kukaa barazani na daftari langu la riwaya, nikajitia uhodari: nikasema nitawaandikia programu. Mgeni ajiandikishe hadi Ijumaa, programu imtumie kwenye simu ombi la malipo ya kutangulia, naye atie namba yake ya siri, na Jumamosi adhuhuri shangazi apewe hesabu ya sahani aende nayo Darajani kununua nyama na mchele.

Programu ya kwanza niliiandika kwa lugha ya Python, niliyojifundisha mwenyewe kwenye laptopu ya mkono wa pili ambayo betri yake imeshakufa, umeme ukikatika na yenyewe inakatika. Ilifanya kazi hivi. Inachukua jina la kwanza, inatuma ombi, halafu inasimama pale pale kuuliza: kalipa? Bado. Kalipa? Bado. Kalipa? Ndiyo. Hapo ndipo inashika jina la pili. Nilipoijaribu kwa simu yangu na za binamu zangu wawili, tuliokaa mkeka mmoja simu mikononi, ilikwenda kama maji.

Jumamosi ya kwanza ya kweli yalikuwamo majina 31. Sijui mgeni wa kwanza alikuwa amelala au yumo botini na simu imo mkobani. Programu ikasimama mlangoni kwake. Wengine 30 nyuma wamepanga foleni wala hawajui kama wamo foleni. Hadi adhuhuri ilikuwa imefika jina la 6. Nikampa shangazi hesabu: sahani 6. Jumapili wakaja watu 19, na shangazi akawachinja kuku wake wa mayai. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza. Ile ya sufuria ni ya pili, na ni mbaya zaidi kwa sababu ilitokana na kujua.

Sasa nisimame nieleze, maana najua wengi wenu ni watu wa mashairi. Fankisheni katika programu ni kifungu cha kazi chenye jina. Unakiita kwa jina lake, kinafanya kazi, kinakurudishia jibu. Fankisheni ya sinkroni humfanya aliyeiita asimame pale pale mpaka jibu litoke, hatikisiki. Fankisheni ya asinkroni humpa aliyeiita kijikaratasi, kama kusema "nimelipokea, shika njia yako", naye akaendelea na shughuli nyengine mpaka jibu liwe tayari. Simu ya mkononi inazo tabia zote mbili. Ukibonyeza *150*00# kwenda kwenye M-Pesa ya Vodacom, umo katika mazungumzo ya ana kwa ana na mtambo: ukichelewa kujibu, mlango unafungwa, uanze upya. Lakini ukituma ujumbe mfupi kwa mtu aliyezima simu, ujumbe unawekwa na mtandao mpaka awashe, na wewe umeshakwenda zako kunywa chai.

Nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu, maana Unguja hii imejengwa na watu wa namna ya pili.

Fikiri mfanyabiashara wa Mji Mkongwe miaka ya 1830. Ana barua ya kwenda Maskati au Bombay. Anangoja kusi, ule upepo unaoanza kuvuma kama Aprili na kuyasukuma majahazi kwenda kaskazini. Barua inaondoka. Jibu haliji wiki ijayo wala mwezi ujao. Litakuja na kaskazi, kati ya Disemba na Machi, pamoja na tende na mazulia na papa. Kama mtu yule angesimama pwani kungoja jibu angekufa njaa. Hakusimama. Aliandika barua nyengine 10, akapima karafuu, akaoza binti, akanunua nyumba, na jahazi lilipotia nanga akashika jibu lake akakumbuka: ahaa, nilikuwa nimeuliza hivi. Nahodha aliyechelewa kuondoka na pepo zikabadilika alikwama bandarini msimu mzima. Kwa hiyo kulikuwa na kusubiri, na kulikuwa na ukomo wa kusubiri. Nitarudi hapo kwenye ukomo.

Na shamba nako ni hivyo hivyo. Saleh bin Haramil al-Abri, Muomani ambaye jina lake hutajwa pamoja na mikarafuu ya mwanzo ya Unguja, aliipanda Mtoni na hapa kwetu Kizimbani mwanzoni mwa karne ya 19. Mkarafuu hukaa kiasi ya miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa. Yeye mwenyewe shamba halikumdumu mkononi, maana Sayyid Said alimnyang'anya. Basi mpandaji mwengine, mchumaji mwengine.

Lakini kitu kilichonishika hasa ni hati. Biashara ya mji huu ilikwenda kwa mkopo. Matajiri kama nyumba ya Jairam Shivji, iliyokuwa ikikodi forodha kwa Sayyid Said, na baadaye Taria Topan, walitoa nguo na shanga kwa watu wa misafara, na watu wale wakaandika waraka: nimepokea kadha, nitalipa pembe kadha. Kisha wakavuka kwenda bara. Hamed bin Muhammed, huyo Tippu Tip ambaye maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, alitoka safari yake ya tatu 1870 na hakurudi Unguja mpaka 1882. Miaka 12! Tajiri amekaa mjini na kipande cha karatasi. Kipande kile si pembe. Lakini si karatasi tupu pia: unaweza kukiweka sandukuni, unaweza kukitoa kwa mtu mwengine kulipia deni lako, unaweza kukipangia mambo. Kitu kimoja tu huwezi: huwezi kukichonga bangili.

Hapa lazima niseme, maana nisiposema nitakuwa nimepamba. Wale matajiri waliweza kutuma na kuendelea kwa sababu kulikuwa na watu waliobeba, na wengi wa waliobeba hawakuulizwa. Hata mikarafuu hii ya Kizimbani ilichumwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ulikuja kuondolewa katika sheria 1897. Kusubiri kwa raha kwa mmoja kulikuwa ni shingo ya mwengine. Nikisoma watu wanavyozisifu pepo za msimu, hilo silisahau.

Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini karibu na Shelisheli, akirudi kutoka Maskati. Huku mji ulikuwa unamngojea. Jamaa zake waliamka, walikula, walipanga mapokezi ya mtu ambaye ameshakufa, mpaka meli ilipofika na maiti. Nilipoisoma habari hii niliandika ukurasa mzima wa riwaya kwa usiku mmoja. Mtu yupo hai katika nyumba yake kwa sababu tu jibu halijafika.

Halafu 1879 ikaja waya. Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza kebo chini ya bahari kutoka Aden mpaka hapa, na kutoka hapa kwenda Msumbiji na Durban. Mji uliozoea kuuliza kwa kusi na kujibiwa kwa kaskazi ukaanza kuuliza asubuhi na kujibiwa kesho yake. Watu hudhani kasi ni neema siku zote. Hebu tazama Agosti 1896. Tarehe 25 Sayyid Hamad bin Thuwaini akafa, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasrini siku hiyo hiyo. Balozi mdogo wa Kiingereza, Basil Cave, akapiga simu ya waya London kuomba ruhusa ya kupiga mizinga ikibidi. Tarehe 26 ruhusa ikaja. Tarehe 27, saa 3 na dakika 2 asubuhi, mizinga ikaanza, na kabla ya kutimia dakika 45 mambo yalikuwa yamekwisha, watu kiasi ya 500 wa upande wa Khalid wameuawa au kujeruhiwa. Kama swali lile lingekwenda kwa jahazi, nani ajuaye? Labda wangeshapatana kabla ya jibu. Labda wasingepatana. Mie si mwanahistoria wa skuli, nauliza tu.

Tuje kwenye mashine. Kompyuta za mwanzo zilikuwa zinakungojesha wewe: unapeleka kadi zako zilizotobolewa, unaondoka, unarudi kesho kuambiwa ulikosea herufi. Mashine ilikuwa ghali, binadamu rahisi. Mwaka 1961, huko MIT Marekani, Fernando Corbató na wenzake wakaonesha mtambo ulioitwa CTSS, ambao watu kadhaa waliutumia kwa wakati mmoja: huyu akiwa anafikiri au anatafuta herufi kwa kidole, mashine inamhudumia yule. Fikra yote ya asinkroni imo humo: usikae bure kwa sababu mtu mmoja hajajibu.

Jina la ile hati likaja baadaye. Mwaka 1976 Daniel Friedman na David Wise walitumia neno la "ahadi" kwa thamani ambayo bado haijapatikana. Mwaka 1977 Henry Baker na Carl Hewitt wao wakaiita "mustakbali", na 1988 Barbara Liskov na Liuba Shrira wakairudia ahadi na kuitengenezea nafasi katika kazi za kompyuta zinazozungumza kwa mtandao. Wallahi nilipoyasoma haya nilimwona yule tajiri wa Mji Mkongwe na waraka wake. Unaagiza, unapewa ahadi hapo hapo. Ahadi unaweza kuiweka, unaweza kumpa fankisheni nyengine. Siku pembe zikifika, unaifungua.

Ila hawa walikuwa mabingwa wakizungumza na mabingwa. Huku chini kwa watu wa kawaida mambo yalikwenda kwa shida. Lugha ya JavaScript, aliyoitunga Brendan Eich mwaka 1995, ina mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Ukurasa ukisimama kusubiri, unaganda wote, kitufe hakibonyezeki. Kwa hiyo waandishi wake wakazoea kolibeki: unaiambia kazi, "ukimaliza, iite fankisheni hii". Vizuri, lakini ikimaliza hiyo iite ile, na ile iite nyengine, na nyengine ndani ya nyengine, mpaka mistari inahama upande mmoja wa karatasi kama jahazi lililolala ubavu. Mwaka 2009 Ryan Dahl alipoleta Node.js alikuwa anapinga hasa ule ugonjwa wangu, wa seva kusimama kama mlingoti kungoja jibu la diski au la mtandao. Dawa yake ilikubalika dunia nzima, na kolibeki zikazidi kujaa.

Nafuu iliingia kupitia lugha nyengine. F# ilionesha njia mwaka 2007, na C# mwaka 2012 ikaleta maneno mawili, async na await. La kwanza unaliweka juu ya fankisheni kutangaza kwamba hii ni ya kuagiza. La pili unaliweka mbele ya ahadi, maana yake: hapa ngoja mpaka ahadi itimie, lakini wakati mie nangoja wengine wafanye kazi. Raha yake ni kwamba programu inasomeka tena kutoka juu kwenda chini, kama hadithi. Python ikayachukua mwaka 2015, JavaScript mwaka 2017.

Na mwaka huo huo wa 2017 Safaricom ya Kenya iliwafungulia waandishi wa programu mlango wa M-Pesa, mlango walioupa jina la Daraja. M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya mwaka 2007 na kuvuka kuja Tanzania 2008. Katika Daraja ukiomba malipo hupewi malipo. Unapewa namba ya ombi, yaani hati, na majibu ya kweli yanatumwa baadaye kwenye anwani uliyoiacha, mteja akishatia siri yake au akishakataa. Hawakufanya hivyo kwa mapambo. Upande wa pili wa ombi kuna binadamu, ana simu mfukoni na mtoto mgongoni. Hapana mashine itakayomwendesha mbio.

Sasa narudi kwa shangazi. Baada ya balaa la kuku nikakaa usiku kuigeuza programu. Nikaanza chini kabisa, kwenye fankisheni niliyoiita "toza", ile inayotuma ombi na kurudisha ndiyo au siyo. Nikaiwekea async. Kumbe ukigusa moja umegusa zote. Anayeiita toza lazima atumie await, na await haikubaliki ila ndani ya fankisheni ambayo nayo ni async, kwa hiyo anayemwita huyo naye abadilike, mpaka juu. Mmarekani mmoja, Bob Nystrom, aliandika mwaka 2015 kwamba ni kama fankisheni zina rangi mbili na rangi moja inaambukiza. Mie naona ni kama utomvu wa korosho kwenye kanzu: ulianza kwenye mkono, sasa umefika kifuani.

Nilizigeuza fankisheni 8 usiku ule. Katika kuzihesabu sahani palikuwa na mstari unaosema: kama toza imerudisha ndiyo, ongeza sahani moja. Mstari ule nikaupita bila ya kutia await.

Jumamosi adhuhuri nikaiendesha. Ilimaliza kabla sijaondoa kidole. Jina la kwanza, tayari. La pili, tayari. Majina 27, sahani 27. Nikaruka juu kwa furaha! Nikamwambia binamu yangu, unaona kasi hiyo? Hii ndiyo asinkroni, bwana.

Kilichotokea ni hiki. Bila await, toza haikurudisha ndiyo wala siyo. Ilirudisha hati. Na mbele ya Python, ukiuliza "je, kuna kitu hapa?" na mkononi mna hati, jibu ni kwamba kitu kipo, kwa hiyo ni ndiyo. Nilihesabu nyaraka nikadhani ni pembe. Tena afadhali ingekuwa hivyo tu. Katika Python, kazi ya namna hii isipongojwa hata haianzi. Hakuna ombi hata moja lililotoka. Msafara haukuondoka mjini, na mie nimeshapanga bei ya pembe. Python yenyewe ilinionya, iliandika kabisa kwamba kazi hii haikungojwa kamwe, lakini iliandika kwenye faili la seva ambalo mie, hodari, silifunguagi.

Wageni 27 walikaa Ijumaa na Jumamosi wakingoja ombi la malipo. Halikuja. Wakadhani safari haipo. Waliokuja ni wale 9 wabishi.

Nilikosa usingizi siku mbili, halafu nikarudi kazini kama mtu anayelipa kafara. Await nikaitia. Nikajaribu tena na binamu zangu, safari hii nikamwambia mmoja asijibu makusudi. Programu ikaganda! Nikachanganyikiwa: si nimeshaigeuza? Ikanichukua wiki kujua kwamba maktaba niliyoitumia kuzungumza na mtandao ilikuwa ya sinkroni tangu kuzaliwa. Nimeivika async juu, chini imesimama ile ile, na kwa kuwa mkono wa kazi ni mmoja, ikisimama hiyo wamesimama wote. Si kila avaaye kanzu ni shekhe. Nikabadilisha maktaba. Ukiwa huna ya kubadilisha, Python tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 inakurahisishia kuisukuma kazi kama hiyo pembeni, ikasimame huko kwenye uzi wake.

Haikuganda tena, lakini foleni ilikuwa pale pale, maana nilikuwa namngoja mmoja mmoja ndani ya mzunguko: mtoze huyu, ngoja, mtoze yule, ngoja. Ni sawa na kutuma barua ya Bombay na kukataa kuandika ya Maskati mpaka ya Bombay ijibiwe. Inatakiwa uzitoe zote kwanza, uzifunge pamoja, halafu ungoje fungu zima. Nikazitoa zote kwa mpigo, na huduma ya malipo ikazikataa nyingi kwa sababu nilipiga hodi mara nyingi kwa sekunde moja. Haki yao. Nikaweka bawabu mlangoni: waingie 5, akitoka mmoja aingie mwengine. Mwisho nikaweka ukomo, kama ule wa pepo. Asiyejibu hadi Jumamosi adhuhuri, hati yake inafutwa na sahani yake haihesabiwi. Ukomo huu ndio nilioukosa tangu mwanzo. Hata programu ya sinkroni ingekuwa na ukomo, kuku wale wangekuwa wanataga mpaka leo.

Kuna jambo moja zaidi, nililifahamu jikoni wala si kwenye kompyuta. Shangazi akishateleka wali hakai kuutazama. Anakuna nazi, anachambua mchicha, anamtuma mtoto dukani, na pua yake inamwambia lini arudi kufunua. Lakini akishika mchi kutwanga thomu na pilipili manga, basi ni kutwanga tu, hapana wa kumpisha, mkono ni huo. Async inasaidia pale unapongojea kitu kinachofanyika kwengine. Kazi ya kutwanga haina pa kuagizwa. Nilikuwa nimeivika async mpaka fankisheni ya kupanga majina kwa alfabeti, nikaivua.

Hesabu ya Jumamosi iliyopita ilikuwa sahani 22. Nikampelekea shangazi. Akanitazama, akaniuliza, "Hizi ni zile za kweli au zile za kwako?" Nikamwambia za kweli, wameshalipa, pesa zimo. Akaenda Darajani akanunua nyama ya watu 25. Waliokuja walikuwa 22, na madereva wao watatu.

Deni lake la nyama ile ya kilo 5 sijalilipa. Jioni ya sufuria nilichana ukurasa wa daftari la riwaya nikaandika nimepokea kadha, nitalipa kadha, nikatia saini kabisa, nikijua anavyopenda mambo ya kuandikwa. Aliisoma mara mbili, akaikunja ndogo ndogo, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Kila akija kwetu naiona ile fundo.